Dunia yenye kukalika na dunia yenye kukaliwa
Kitabu cha Fontenelle mbele ya nyota za leo



Siku ya Mungu moja, nyuma ya misa ya pili, katekista mzee wa misioni yetu alinijia katika sakristia, simu ya mtoto wake mkononi. Juu ya kioo cha simu ile palikuwa na picha: bahari yenye kung'aa, mawe mekundu kandokando, na mbinguni jua kubwa lenye rangi ya kaa la moto. Chini yake maneno ya Kifaransa yalisema kwamba wataalamu wamevumbua dunia yenye kukalika karibu na nyota nyingine. Mzee akaniuliza: "Padri, wale watu wa huko, nao ni wana wa Adamu? Wanafunzi wangu wa ubatizo wameniuliza, nikashindwa." Nikamjibu: "Baba Mwalimu, mbele ya kuuliza kama ni wana wa Adamu, tuulize kwanza kama wako." Akacheka, lakini nilitambua kwamba jibu langu halikumtosha. Halikunitosha mimi pia.

Juma lile nikatafuta kitabu nilichokisoma zamani katika Seminari kubwa, tena kwa haraka, ginsi mseminari asomavyo kitabu kisichoulizwa katika mtihani. Ni kitabu cha Bernard de Fontenelle, Entretiens sur la pluralité des mondes, maana yake Mazungumzo juu ya wingi wa dunia, kilichotoka mwaka wa 1686. Sasa nimekisoma tena pole pole. Nataka kueleza hapa uzuri wake na kosa lake. Kosa lile lingali hai katika magazeti ya leo, na sisi Waafrika tuna sababu yetu wenyewe ya kulijua.

I. Kitabu chenyewe

Fontenelle alizaliwa mjini Rouen, katika Ufaransa, mwaka wa 1657. Alikufa mwaka wa 1757, bado kidogo atimize miaka mia moja. Alikuwa mpwa wa Corneille, mtungaji mkubwa wa michezo ya kuigiza, na kwa miaka mingi alikuwa katibu wa Académie des sciences ya Paris. Kitabu chake ni kifupi. Mtu mmoja mwenye elimu amealikwa shambani kwa bibi mtukufu, Markiza. Jioni, nyuma ya chakula, hutembea wote wawili bustanini, wakitazama nyota na kuzungumza. Jioni tano, sura tano. Ya sita iliongezwa mwaka wa 1687.

Jioni ya kwanza Markiza ajifunza kwamba dunia yetu yazunguka jua, kadiri ya mafundisho ya Kanoni Copernicus. Kisha waingia katika habari za mwezi: je, una watu? Toka mwezini waendelea hata sayari nyingine, yaani zile nyota zenye kulizunguka jua kama dunia yetu ilizungukavyo. Jioni ya tano wafika mwisho wa safari: kila nyota ya mbinguni ni jua, na kila jua laangazia sayari zake.

Sifa zake ni nyingi. Kwanza, aliandika Kifaransa wakati ambapo mambo ya elimu yaliandikwa mara nyingi kwa Kilatini. Pili, Markiza hakusoma shule ya filozofia, lakini maswali yake ni makali, na mara kwa mara amfunga mwalimu wake kinywa. Tatu, mwalimu yule hamtupii mwanafunzi wake neno gumu kabla ya kumpa mfano wa kitu akijuacho. Katekista ye yote angeweza kujifunza hapo namna ya kufundisha. Kuna sehemu zilizokufa: habari za zile zoba kubwa za Descartes, zilizosemwa kuzibeba sayari, zilianguka mbele ya kitabu cha Newton cha mwaka wa 1687, mwaka mmoja tu nyuma. Mwaka ule ule wa 1687 kitabu cha Fontenelle kilitiwa Roma katika Index, orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Index yenyewe haina tena nguvu ya sheria tangu mwaka wa 1966. Basi mseminari aweza kukisoma bila kuomba ruhusa.

Na juu ya neno lake kubwa Fontenelle alisema kweli. Nyota zina sayari. Yeye hakuwa na ushuhuda wo wote, alikisia tu. Ilipasa kungoja miaka 309. Mwaka wa 1995, Michel Mayor na Didier Queloz wa Universite ya Genève, wakitumia teleskopi ya Haute-Provence katika Ufaransa, walitangaza sayari yenye kuizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4 na kidogo. Mwaka wa 2019 walipewa tuzo la Nobel. Kufika mwaka wa 2025 hesabu ya sayari za namna hiyo zilizothibitishwa imepita 6,000. Mtu aliyesema kweli kabla ya wakati astahili heshima. Lakini yafaa kutazama kwa njia gani alifika pale.

II. Mnara wa Notre-Dame na moshi wa Idjwi

Hoja yake kubwa ni mfano. Tuseme, asema, kwamba hakujawa kamwe na safari yo yote kati ya Paris na mji wa Saint-Denis ulio karibu. Mwenyeji wa Paris asiyetoka mjini mwake apanda juu ya minara ya Notre-Dame, aona Saint-Denis kwa mbali. Aulizwa: kule kuna watu? Ajibu: hakuna, watu wa Paris nawaona, wa Saint-Denis siwaoni. Waweza kumwonyesha kwamba Saint-Denis ina minara, nyumba na kuta, kwamba yafanana na Paris katika yote. Asiyeona watu hakubali. Mwezi, asema Fontenelle, ndio Saint-Denis yetu, na sisi ndio yule mtu mgumu wa Paris.

Mfano ni mzuri, hata msomaji acheka na kukubali. Lakini ajaribu kuutazama tena. Ni nini kilichoonekana Saint-Denis? Minara, nyumba, kuta. Hivyo vyote ni kazi ya mikono. Aonaye nyumba, amekwisha kuona alama ya mwenye nyumba. Na mwezini ni nini kilichoonekana kwa teleskopi za karne ile? Milima, mabonde, vivuli. Milima haijengwi na mtu.

Sisi wa kandokando ya ziwa Kivu tuna mfano wetu. Mtu asimama pwani asubuhi, atazama kisiwa cha Idjwi. Akiona kilima chenye majani mabichi, aweza kusema: pale mtu angeweza kukaa. Akiona moshi wapanda juu ya kilima, aweza kusema: pale mtu akaa. Hayo ni maneno mawili, wala si moja. Tena hata kwa moshi yafaa kungoja kidogo, kwani asubuhi ukungu wa ziwa hufanana na moshi, na wengi wamedanganyika.

Lugha yetu yatusaidia. Twasema nyumba hii yakalika, yaani yafaa kukaliwa: paa halivuji, maji si mbali. Twasema nyumba hii yakaliwa, yaani mna watu ndani. Mpangaji hawezi kuchanganya maneno hayo, sababu angeingia katika nyumba ya mwenyewe na kufukuzwa kwa fimbo. Lakini Fontenelle ayachanganya kutoka ukurasa hata ukurasa, kwa upole na kwa kicheko, na magazeti ya leo yayachanganya bila kicheko. Neno la Kifaransa habitable laandikwa juu, na msomaji asoma habitée.

III. Joto la Merkuri na watu weusi

Sasa nafika pahali ambapo, nilipokuwa mseminari, nilipita haraka kwa haya. Leo sitaki kupita.

Fontenelle akiisha kutia watu katika kila sayari, ataka kujua tabia zao. Ana kipimo kimoja tu mkononi: sayari iko mbali na jua au karibu? Ina joto au baridi? Kwa kipimo hicho kimoja ajenga mataifa mazima. Watu wa Saturni, walio mbali na jua, ni wazito na wapole. Hawajui kucheka, na mtu akiwauliza jambo dogo huchukua siku nzima kulijibu. Watu wa Venusi, walio karibu na jua kuliko sisi, ni wadogo, weusi, wameunguzwa na jua, tena wenye moto wa mapenzi. Na watu wa Merkuri, walio karibu kuliko wote, ni wenda wazimu: sayari yao ndiyo nyumba ya wazimu ya dunia zote. Hawana kumbukumbu, asema, kama vile watu weusi wengi wasivyo nayo. Hawafikiri juu ya kitu cho chote. Hutenda mambo yao kwa ghafula bila mpango.

Hayo ameyaandika mtu mpole, asiye na chuki, ambaye kitabu chake chote ni cha kuwafundisha watu wasijidhani kuwa kitovu cha ulimwengu. Ndiyo sababu neno lile lastahili kuchunguzwa. Hakutukana kwa hasira. Alifuata njia yake ya kufikiri tu. Penye joto, akili huungua. Merkuri ina joto, basi watu wake hawana akili. Afrika ina joto, basi watu wake wafanana na wale wa Merkuri. Mmoja ni mtu ambaye hayuko, mwingine ni babu yangu. Wote wawili wamepimwa kwa kipimo kimoja, na mpimaji hakumwona hata mmoja.

Je, hakuweza kujua? Safari ya Merkuri haikuwezekana. Lakini habari za Afrika zilikuwa zimefika Ulaya tangu zamani. Mwaka wa 1518, miaka 168 mbele ya kitabu kile, Papa Leo X alimkubali Henrique, mwana wa Afonso I mfalme wa Kongo, awe askofu. Barua za mfalme Afonso kwa mfalme wa Portugal zatunzwa hata leo, na asomaye hapati ndani yake mtu asiyefikiri. Mwaka wa 1608 mjumbe wa mfalme wa Kongo, António Manuel Nsaku Ne Vunda, alifika Roma akiwa mgonjwa, akafa siku chache nyuma. Sanamu yake ya kaburini iko katika basilika ya Santa Maria Maggiore. Na juu ya kumbukumbu: wandugu wetu Baluba wana lukasa, ubao wenye shanga ambao wazee wa chama cha mbudye huupapasa kwa kidole wakisimulia habari za wafalme, moja moja, bila kupotea. Taifa lenye kutunza kumbukumbu kwa kidole laambiwa halina kumbukumbu!

Basi hukumu yangu ya kwanza juu ya kitabu hiki ni hii. Fontenelle alimcheka yule mtu wa Paris aliyekataa kuamini watu wa Saint-Denis. Lakini juu ya Afrika yeye mwenyewe alisimama juu ya mnara ule ule. Njia ilikuwa wazi, mashahidi walikuwako, naye akatosheka na kipimo cha joto.

Kipimo chenyewe si cha kweli, hata kwa mawe na maji. Mwaka wa 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Kiprotestanti, aliuona mlima Kilimanjaro wenye theluji. Huko London, W. D. Cooley, mjuzi wa jiografia, alikataa: hakuwezi kuwa na theluji katika nchi ya joto namna ile. Cooley mwenyewe hakuuona mlima ule. Watu wa Beni, wanaouona Ruwenzori mawingu yakifunguka, wangeweza kumjibu. Na Merkuri yenyewe? Mchana joto lake lafika digri 430. Usiku, kwa kuwa haina hewa ya kulitunza joto, hushuka hata digri 180 chini ya sufuri. Na mwaka wa 2012 chombo MESSENGER kilitoa ushuhuda wa barafu ya maji karibu na ncha zake, ndani ya mashimo ambamo jua haliingii kamwe. Barafu katika nyumba ya moto! Umbali wa jua ni kweli, lakini hausemi yote.

IV. Nyota za leo

Turudi kwa katekista na simu yake. Nachukua mfano mmoja ambao umesemwa sana, nyota yenye jina TRAPPIST-1. Jina hilo ni la teleskopi ndogo iliyowekwa Chile mwaka wa 2010 na Universite ya Liège katika Ubelgiji. Wabelgiji waliipanga majina ya kazi yake hata herufi za kwanza zikatoa jina la watawa Watrapisti, wanaojulikana kwao kwa sala na kwa bia. Mwaka wa 2016 Michaël Gillon na wenzake walitangaza sayari tatu kuizunguka nyota hiyo. Mwaka wa 2017 zilikuwa saba. Nyota iko mbali kiasi cha miaka 40 ya mwangaza, yaani mwangaza wake husafiri miaka 40 mpaka utufikie.

Sayari hizo zilionekanaje? Hakuna aliyeziona. Usiku wavuvi wa sambaza hutia taa zao ziwani. Tuseme uko pwani, watazama taa moja kwa mbali sana, na mdudu apita mbele yake. Mdudu humwoni, ila taa yapungua kidogo, kisha yarudi. Ikipungua tena kwa saa ile ile, mara ya pili na ya tatu, wajua kuna kitu chenye kuizunguka. Kadiri taa ipunguavyo wajua ukubwa wa mdudu. Kadiri arudivyo wajua umbali wake na taa. Ndivyo walivyofanya. Mwangaza wa TRAPPIST-1 wapungua chini ya sehemu moja katika mia. Kazi hiyo ni ya subira na ya unyofu, nami naisifu kwa moyo wote.

Kutoka umbali wapiga hesabu ya joto. Wakiona kwamba maji yangeweza kubaki maji, yasigande wala yasigeuke mvuke, husema sayari iko katika eneo lenye kukalika. Lakini tusikie sharti lililomo: maji yangeweza kubaki, kama kuna maji, tena kama kuna hewa ya kufaa. Neno "kama" lasemwa na wataalamu, gazeti laliacha. Hapo ndipo nasema kosa la Fontenelle lingali hai: umbali mmoja, joto moja, na tayari tuna bahari, pwani na wakaaji.

Venusi yatosha kuturudisha. Yakaribia dunia yetu kwa ukubwa, na umbali wake na jua ni kilometri milioni 108, wetu milioni 150. Angetazama mtu wa mbali na kipimo cha umbali tu, angeweza kuziita ndugu mapacha. Lakini hewa nzito ya Venusi yafunga joto kama chungu kilichofunikwa, na juu ya uso wake joto ni la digri 460. Risasi huyeyuka mbele ya kufika hapo.

Teleskopi kubwa Webb, iliyorushwa siku ya Noeli ya mwaka wa 2021, imeanza kuuliza swali la hewa. Mwaka wa 2023 ilipima sayari ya kwanza ya TRAPPIST-1: upande wenye kutazama nyota una joto la digri 230 hivi, na hakuna dalili ya hewa nzito. Ya pili nayo haikuonyesha hewa nzito kama ya Venusi. Juu ya ile ya nne, ambayo wengi waitumainia kwa sababu ya umbali wake mzuri, matokeo ya kwanza yaliyotangazwa mwaka wa 2025 hayakuamua: huenda ina hewa, huenda haina. Ndiyo hali ya mambo.

Na moshi wa Idjwi? Wataalamu nao wautafuta. Moshi wao ni hewa fulani ambazo kwetu hutolewa na viumbe hai. Katika mwezi wa nne wa mwaka wa 2025, kundi moja la Cambridge chini ya Nikku Madhusudhan lilitangaza kwamba huenda limeona, katika sayari K2-18b iliyo mbali miaka 124 ya mwangaza, hewa ambayo duniani hutoka hasa kwa viumbe vidogo vya baharini. Magazeti yakapiga kelele. Wataalamu wengine wakapiga hesabu tena juu ya vipimo vile vile, wasione sababu ya kusadiki. Tena mwaka wa 2024 hewa hiyo hiyo ilikuwa imetambuliwa katika nyota yenye mkia, jiwe la barafu lisilo na uhai. Moshi au ukungu? Mwenye hekima angoja jua lipande.

Na ile picha ya simu? Lugha yetu, iliyotusaidia hapo juu, hapa yatunyima msaada, kwani picha ni foto, na picha ni mchoro. Picha za TRAPPIST-1 zilizoenezwa mwaka wa 2017 zilichorwa na wachoraji, na walioeneza waliandika wazi kwamba ni mchoro. Lakini picha ikihama toka simu hata simu, maneno yale madogo huachwa njiani, na mzee wa Kikristo aiona bahari ambayo hakuna jicho lililoiona.

V. Ngazi ya Mtakatifu Agostino

Waseminari wenye Mji wa Mungu katika maktaba yao wafungue kitabu cha 16, sura ya 9. Agostino aulizwa kama kuna watu upande wa pili wa dunia, wenye kuweka nyayo zao kinyume cha zetu. Hoja yake yapanda kama ngazi. Hata kama dunia ni mviringo, haifuati kwamba upande ule hauna maji yenye kuufunika. Na hata kama kuna nchi kavu, haifuati mara moja kwamba ina watu. Tazameni: karne kumi na mbili mbele ya Fontenelle, Agostino amekwisha kutenga kukalika na kukaliwa. Leo ngazi ni ile ile, ina vidato vingi zaidi: sayari iko; ina hewa; ina maji; ina uhai; ina kiumbe mwenye akili. Tumekanyaga kidato cha kwanza kwa nguvu. Cha pili twakipapasa.

Lakini tusimsifu Agostino bila kumtazama mpaka mwisho. Akiisha kusema "haifuati", hakubaki hapo. Aliona kwamba wana wa Adamu hawangeweza kuvuka bahari kubwa namna ile, akahukumu kwamba watu hao hawako. Walikuwako. Basi kosa lina milango miwili: Fontenelle aliingia kwa mlango wa kujaza, Agostino kwa mlango wa kufunga. Wote wawili walitaka kumaliza jambo ambalo macho hayajalifikia.

Lakini katika sura ya 8, iliyo mbele yake, Agostino atupa kipimo ambacho Fontenelle alikikosa. Po pote azaliwapo mtu, yaani kiumbe mwenye akili na wa kufa, hata umbo lake, rangi yake, sauti yake vikiwa vigeni namna gani kwetu, mwamini asiwe na shaka kwamba atoka katika shina moja. Akili ndiyo alama, si rangi wala joto la nchi. Papa Paulo III alifuata njia hiyo mwaka wa 1537 alipotangaza kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kweli, wasinyang'anywe uhuru wala mali. Fontenelle, katika dibaji yake, akimbia swali: wakaaji wa mwezi si watu, asema, kwa hiyo wateolojia wasihangaike juu ya Adamu. Kisha katika kitabu kizima awapa mapenzi, mashairi, upole na wazimu, mambo ya watu matupu. Amewaondoa mlangoni, amewarudisha kwa dirisha.

VI. Tumwambie nini katekista?

Nilirudi kwa mzee wangu Jumamosi, nikamwambia mambo matatu. Nayaandika hapa kwa wale watakaoulizwa vile vile.

Kwanza: sayari ziko kweli, ni maelfu, na kuzijua ni sifa kwa Muumba. Imani haituamuru kusema kwamba dunia yetu ni moja tu. Mwaka wa 1277 Askofu wa Paris, Étienne Tempier, aliwakataza walimu kufundisha kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Mwaka wa 1440 Nikolao wa Cusa, aliyefanywa kardinali baadaye, alikubali kwamba nyota nyingine zaweza kuwa na wakaaji. Na mwaka wa 2008 Padri José Gabriel Funes, Mjezuiti, aliyekuwa wakati ule mkubwa wa nyumba ya nyota ya Vatikano, alieleza katika gazeti L'Osservatore Romano kwamba kukubali uwezekano wa viumbe huko hakupingi imani.

Pili: juu ya wakaaji hatuna habari. Tusihubiri kwamba wako, wala tusihubiri kwamba hawako. Mhubiri akijenga fundisho juu ya mchoro wa simu, siku mchoro utakapofutwa Wakristo watadhani Injili nayo imefutwa.

Tatu: kama siku moja moshi utaonekana, tusianze kwa kuandika tabia za mwenye moto. Twajua ladha ya kuandikwa na mtu asiyetuona.

Mzee alifikiri, akauliza: "Padri, na wale walioandika kwamba sisi hatuna kumbukumbu, walisamehewa?" Nikamwambia kwamba Fontenelle amekwisha kufika mbele ya Hakimu aonaye. Akasema: "Basi tumsome, lakini tumsome kwa kalamu mkononi."

Ndivyo ninavyowashauri waseminari. Someni Fontenelle kwa ajili ya lugha yake safi, kwa ajili ya Markiza na maswali yake, na hasa jioni ya tano, ambapo mtu asiye na chombo alinyoshea kidole kweli ambayo ilingoja miaka 309. Pale asemapo juu ya tabia za watu wa sayari, wekeni kando yake kitabu cha 16 cha Agostino, sura ya 8 na ya 9 pamoja, na andikeni ukingoni: kipimo kimoja.